Je, Tukodi Dirisha la Bahari?

Uganda haina bahari. Kila mwanafunzi wa Kiswahili hapa Kampala analijua hilo, lakini pengo lenyewe tunalihisi zaidi darasani kuliko tunapotazama ramani. Tunafundishwa maji kupwa na maji kujaa, bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi, nahodha, tanga, nanga na ngalawa. Tunayaandika maneno hayo, tunayakariri, tunayaeleza katika mtihani na kupata alama. Kisha tunashuka Wandegeya kununua rolex, na hatuyagusi tena mpaka mtihani mwingine. Ziwa tunalo, tena kubwa, lile ambalo Waganda huliita Nalubaale. Lakini Kiganda chenyewe hakitofautishi sana: neno nnyanja ni ziwa na ni bahari pia. Ukikaa Ggaba tangu asubuhi hadi jioni, utaona mitumbwi ikija na kwenda, utaona mawimbi upepo ukivuma, lakini maji yenyewe yatakuwa palepale ulipoyakuta. Mtu aliyekulia kando ya maji ya namna hiyo anaweza kueleza kupwa na kujaa vizuri kabisa bila kuamini.

Kwa hiyo watu wanapouliza kama mwanafunzi anastahili kutumia fedha zake kulala katika chumba kinachotazama bahari, wengi hapa hujibu haraka kwamba hiyo ni anasa ya wazungu na ya watu wa harusi. Mimi nimelazimika kulifikiria swali hilo kwa wiki tatu, nikiwa na kalamu na kikokotoo, kwa sababu anayesafiri si mimi peke yangu. Nasafiri na mama.

Mama yangu ni mkulima wa kahawa wilayani Luweero. Msimu huu bei ilikuwa nzuri, na baada ya kulipa madeni alibakiwa na shilingi 700,000 ambazo alisema hazina kazi maalumu. Kwetu fedha isiyo na kazi maalumu ni jambo la ajabu. Siku chache baadaye akaniambia kwamba amekuwa akiuza kahawa miaka yote na kila mara mnunuzi humwambia kuwa magunia yanakwenda Mombasa kupakiwa melini. "Kahawa yangu imekwishafika baharini mara nyingi," alisema. "Mimi bado." Nikaongeza shilingi 500,000 nilizoweka akiba kwa kufundisha watoto masomo ya ziada wakati wa likizo. Jumla ikawa 1,200,000. Tukakubaliana tusafiri Januari, bei za sikukuu zikishashuka na pepo za kaskazi zikiwa zinavuma.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza, na ugumu wenyewe haukuwa fedha tu. Mama anakiogopa Kiswahili.

Wasomaji wa mkusanyiko huu wanaotoka Buganda hawatashangaa. Mama alizaliwa 1973, mwaka uleule ambao Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Alipokuwa na umri wa miaka minane vita vilifika kwao, na havikwisha mpaka 1986. Katika miaka hiyo majeshi yalipishana, lakini lugha ya askari ilibaki ileile. Kiswahili alikisikia kwenye vizuizi vya barabarani na kwenye mlango wa nyumba usiku. Niliwahi kumwomba aniambie maneno yote ya Kiswahili anayoyajua. Alifikiri kidogo, akataja: simama, kaa chini, fungua, leta, toka, lala chini. Mimi ni mwanafunzi wa isimu, kwa hiyo niliona jambo ambalo yeye hakulikusudia. Vitenzi vyake vyote viko katika hali ya kuamrisha. Hana "naomba", hana "tafadhali", hana "ungependa", hana "karibu". Kiswahili anachokijua ni nusu ya sarufi, na ni ile nusu ya mwenye bunduki.

Tunapojadili darasani kwa nini Waganda wengi walichelewa kukipokea Kiswahili, tunataja sera. Tunasema katiba ilirekebishwa 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, na kwamba Baraza la Mawaziri mwezi wa Julai 2022 liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Tunataja kwamba katika miaka ya 1950 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao yake papa hapa Makerere, jambo ambalo wenzetu wa Pwani hawaliamini mpaka uwaoneshe maandishi. Yote hayo ni kweli. Lakini sera haiwezi kumfundisha mama yangu kwamba lugha ile ina maneno ya kumkaribisha mtu. Hilo linataka mtu wa kumkaribisha.

Basi swali la mahali pa kulala lilikuwa pia swali la nani atakuwa wa kwanza kumsemesha mama Kiswahili, na wapi.

Chaguo la kwanza lilikuwa studio huko Bamburi, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa: chumba kimoja chenye vitanda viwili, jiko dogo, bafu ndani, na dirisha kubwa linalotazama bahari. Bei ilikuwa shilingi 4,200 za Kenya kwa usiku, pamoja na 1,000 za usafi zinazolipwa mara moja. Chaguo la pili lilikuwa chumba cha aina ileile, jengo lilelile, lakini kilicho upande wa nyuma, kinachotazama maegesho ya magari. Bei yake 2,700. Chaguo la tatu lilitoka kwa mwanafunzi mwenzetu anayetoka Mombasa. Mama yake mdogo ana nyumba Mji wa Kale, si mbali na Ngome ya Yesu, na ana chumba cha wageni. Kwetu wawili angetaka 1,500 kwa usiku, pamoja na kifungua kinywa na chakula cha jioni. Kutoka nyumba hiyo bahari iko karibu sana, lakini huioni. Madirisha yanatazama kichochoro na madirisha ya majirani.

Nitaweka hesabu wazi, kwa kuwa insha nyingi za safari hukimbia hesabu. Shilingi moja ya Kenya niliikokotoa kwa 28 za Uganda. Basi la Kampala hadi Nairobi niliambiwa 100,000 kwa mtu mmoja, kwa hiyo kwenda na kurudi watu wawili ni 400,000. Treni ya SGR kutoka Nairobi hadi Mombasa, daraja la kawaida, ni 1,500 za Kenya kila safari. Tiketi nne ni 168,000 za Uganda. Paspoti hatuhitaji, kwa sababu tangu 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda huvuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa. Baada ya usafiri tulibakiwa na 632,000 kwa siku tano. Studio ya dirisha la bahari kwa usiku wote tano ingekula 616,000 na kutuachia 16,000 za kula na kutembea. Chumba cha nyuma kingekula 406,000. Nyumba ya Mji wa Kale ingekula 210,000 tu, na chakula kimo.

Wenzangu wa hosteli waliposikia hesabu hii hawakuona kama kuna swali. Mmoja, ambaye babu yake alikuwa askari wa KAR na ambaye alikulia Arua akisikia Kiswahili kila siku, alinicheka. Alisema kwamba ufuo wa Kenya ni wa umma, yeyote anaweza kushuka Bamburi na kutazama bahari bure mpaka macho yachoke. Kwa nini nilipe 1,500 za ziada kila usiku, yaani bei ya tiketi nzima ya treni, ili niitazame bahari hiyohiyo kupitia kioo? Mwingine alisema kwamba mwanafunzi wa Kiswahili akifika Mombasa na kujifungia katika jengo la wageni ni kama mtu aliyekwenda kisimani na mtungi uliozibwa. Aende Mji wa Kale akasikie Kimvita, akasikie watu wakisema ndia kwa njia na mato kwa macho. Hoja zote mbili ni nzuri. Kama ningekuwa nasafiri peke yangu ningezikubali siku ileile.

Lakini niliona kwamba tulikuwa tunajadili kitu kimoja kana kwamba ni kimoja, kumbe ni vitatu. Studio ile ilikuwa inauza mlango, dirisha na upweke. Nyumba ya Mji wa Kale ilikuwa inatoa watu. Chumba cha nyuma kilikuwa kinauza mlango bila dirisha. Ilinipasa niulize kila kitu kina thamani gani kwa mama.

Nilianza na dirisha. Ni kweli kwamba ufuo ni wa bure, lakini mama ana maumivu ya magoti. Kutembea mchangani ni kazi kwake, na jua la Januari huko Pwani ni kali. Angeweza kukaa ufuoni nusu saa, labda saa moja, kisha angetaka kurudi. Na nusu saa haitoshi kuona jambo lenyewe. Maji hujaa na kupwa kwa muda wa saa sita hivi, mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huko Mombasa huzidi mita tatu. Mahali palipokuwa na maji asubuhi watu hutembea juu ya miamba mchana. Mtu anayefika, akapiga picha na kuondoka, ameona maji mengi tu, na maji mengi tunayo Entebbe. Ili uione bahari kuwa ni bahari lazima ukae. Mama hawezi kukaa kwenye mchanga saa sita, lakini kwenye kiti kando ya dirisha anaweza, akiwa na chai yake. Nilipofika hapo niliacha kuliona dirisha kuwa anasa. Kwa mtu mwenye magoti yale, hiyo ndiyo njia ya kufika.

Halafu nikafikiria mlango. Watu waliokua katika vita huijua thamani ya mlango unaofungwa kwa ndani. Mama hulala vizuri mahali ambapo ufunguo uko mkononi mwake. Katika nyumba ya watu, hata wakiwa wema kiasi gani, atakuwa mgeni anayesikiliza hatua za wenyeji usiku na sauti za lugha ile nje ya dirisha la kichochoro. Sikutaka usiku wake wa kwanza uwe hivyo. Chumba cha nyuma kingempa mlango, lakini angesafiri zaidi ya kilomita 1,100 ili atazame magari.

Cha mwisho kilikuwa watu. Hapa wenzangu walikuwa na haki kabisa. Tukikaa studio siku zote tano, Kiswahili atakachokisikia mama kitakuwa cha askari wa lango. Naye amevaa sare. Sina neno baya juu ya askari wa lango, lakini kwa mama sare na Kiswahili vikikutana, miaka arobaini inafutika. Nilitaka amsikie mwanamke wa rika lake akimwambia "karibu", akimwekea mahamri na mbaazi, akimuuliza habari za shamba, hata kama mimi nitakuwa mkalimani katikati yao.

Kuna jambo jingine lililonipa matumaini. Mama ana leso mbili za zamani. Kwa Kiganda tunaziita leesu, na wengi hatukumbuki kwamba neno hilo limetoka Pwani pamoja na kitambaa. Moja ya leso hizo ndiyo aliyonibebea mgongoni. Pembeni imeandikwa Wema hauozi. Siku moja nilimsomea na kumweleza maana yake. Alinyamaza, kisha akauliza kama hicho nacho ni Kiswahili. Nikamwambia ndicho. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini nyumbani mwetu kulikuwa na Kiswahili kingine, kisicho amri, kimefungwa kiunoni mwake, na hakuna aliyekuwa amemsomea.

Kabla ya kuamua nilichunguza studio yenyewe. Nawaandikia haya kwa manufaa ya wenzangu, kwa sababu matangazo ya vyumba ni aina ya maandishi yenye lugha yake, na anayesoma fasihi asishindwe kuyasoma. "Hatua chache kutoka baharini" haikuahidi kwamba utaiona. "Mandhari ya bahari" huenda ikawa ni kipande cha samawati kati ya majengo mawili, ukisimama roshani na kugeuza shingo. Picha zinaweza kupanua chumba. Nilimwomba mwenyeji anipigie video akiwa ameketi, si akiwa amesimama, kwa sababu mama ataitazama bahari akiwa ameketi. Alijibu kwa upole, "Hakuna shida, dada," na akatuma. Bahari ilionekana, na mnazi mmoja kando. Nikauliza kuhusu ngazi, maana chumba kiko ghorofa ya tatu: ipo lifti, na umeme ukikatika kuna jenereta. Nikauliza kuhusu maji: ya bomba yana chumvi kidogo, ya kunywa hununuliwa. Nikauliza ada gani nyingine zipo zaidi ya usafi, na nikifuta safari nitarudishiwa nini. Alisema nikitoa taarifa siku saba kabla, nitarudishiwa yote. Niliomba hayo yaandikwe. Malipo nilikataa kuyatuma kwa namba ya simu ya mtu; nililipa kupitia mtandao uleule ulioweka tangazo, kwa sababu namfahamu mwanafunzi aliyetuma amana kwa simu, na alipofika Mombasa simu ile haikupokelewa tena.

Mambo yote yakiwa mezani, nilimpigia mama. Sikumpa uamuzi uliokwisha kufanywa. Nilimweleza nyumba zote tatu, bei zake, na nilivyofikiri. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza maswali mawili. La kwanza: huyo mama wa Mji wa Kale, anajua kwamba mimi sijui lugha yake? Nikasema anajua, na amesema si neno, watu huzungumza hata kwa mikono. La pili: katika chumba cha dirisha, ufunguo unakaa kwetu au kwa mlinzi? Nikasema kwetu.

"Basi tuanze na cha ufunguo," alisema. "Nikishazoea sauti zao, twende kwa huyo mama."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ushauri ule walimpa mwenyeji, lakini mimi naona unamfaa mgeni pia. Siku mbili atakuwa mgeni wa bahari, amekaa kwenye kiti, hafanyi lolote. Siku ya tatu atahamia Mji wa Kale, na nina hakika hatakaa bure. Atataka kumenya kitu jikoni, na jikoni ndiko lugha hufundishwa haraka kuliko darasani. Nilikokotoa tena. Usiku mbili za studio ni 235,200, usafi 28,000, usiku tatu za Mji wa Kale 126,000, jumla 389,200. Ni pungufu kuliko kukaa siku zote tano katika chumba cha nyuma, na zinabaki takribani 242,000 za chakula, matatu na zawadi.

Sitaki msomaji adhani kwamba ninapendekeza kila mwanafunzi akakodi chumba cha namna hii. Anayesafiri peke yake na mwenye miguu mizima aende Mji wa Kale, ashuke ufuoni kwa matatu, na fedha zake azinunulie vitabu. Ninachosema ni kwamba swali la "ni ghali au si ghali" halijibiki kabla ya kujua kinachonunuliwa na nani atakitumia. Chumba kimoja kinaweza kuwa majivuno kwa mtu mmoja na hitaji kwa mwingine.

Studio imekwisha lipiwa, usiku mbili. Mama wa Mji wa Kale ametuma ujumbe wa sauti, na nimemchezea mama kwenye simu. Hakuelewa maneno yake, ila aliniambia kwamba sauti ile haina haraka. Sasa kila Jumapili ninampigia na kumfundisha kidogo. Hakutaka kuanza na salamu. Alitaka kwanza sentensi ya kumwambia askari wa lango, ikiwa atatoka peke yake kutazama maji na akaulizwa anakwenda wapi wakati wa kurudi. Nilimpa iliyo fupi, na anaisema vizuri sasa, pole pole, bila kutetemeka: "Nakaa hapa."